Fotoni Isiyotoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kikomo cha Kupoza Atomi kwa Leza

Maelezo mengi ya kupoza atomi kwa leza huishia pale wingu dogo linapoanza kung'aa katikati ya chumba cha ombwe. Kazi ngumu huanzia hapo. Wingu likishakuwa nene, mwanga uleule uliolipoza huanza kulipasha na kulitanua, na anayeongeza nguvu ya leza bila kujua sababu huzidi kuliharibu. Mifano yetu mingi ni ya rubidiamu-87, kwa kuwa leza zake za nanomita 780 hupatikana kwa urahisi na maabara nyingi huanza nayo.

Leza hukata chuma. Inawezaje kupoza kitu?

Joto la gesi ni mwendo wa atomi zake. Ukipunguza mwendo huo na tofauti za kasi kati ya atomi moja na nyingine, umepoza. Leza ya kupozea huwekwa masafa ya chini kidogo kuliko yale ambayo atomi iliyotulia hupenda kufyonza. Atomi inayokwenda kuikabili leza huona masafa yamepanda, kama honi ya basi linalokuja (hii ndiyo athari ya Doppler), kwa hiyo hufyonza fotoni nyingi zaidi kutoka mbele kuliko kutoka nyuma. Kila fotoni iliyofyonzwa huisukuma kinyume cha mwendo wake. Baada ya muda mfupi sana, kwa wastani nanosekunde 26 kwa rubidiamu, atomi huitoa fotoni upande wowote ule.

Kwa wastani fotoni inayotoka hubeba nishati iliyozidi kidogo ile ya fotoni iliyoingia, na mwelekeo wake haujulikani mapema. Kwa hiyo huondoka na joto, na huondoka na vurugu. Hesabu ya kupoza haifungwi mpaka fotoni hiyo iwe imetoka nje kabisa ya wingu. Ikinaswa na atomi ya jirani, vurugu imehamia kwa jirani tu.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1975 na Theodor Hänsch na Arthur Schawlow kwa atomi, na mwaka huohuo na David Wineland na Hans Dehmelt kwa ioni zilizonaswa.

Fotoni moja ina nguvu kiasi gani?

Ndogo mno, lakini ni nyingi. Atomi ya rubidiamu-87 ikipigwa na fotoni moja ya nanomita 780 hubadilika kasi kwa milimita 5.9 kwa sekunde. Tuliite badiliko hilo teke, kama teke la bunduki. Katika halijoto ya chumba atomi hizi huenda kwa wastani wa mita 270 kwa sekunde, kwa hiyo kuisimamisha moja kunahitaji mateke kama 46,000 yanayofuatana. Leza kali inaweza kutoa mateke hayo kwa haraka, ikipunguza kasi ya atomi kwa zaidi ya mara 10,000 ya mvutano wa dunia: atomi husimama ndani ya milisekunde 2 au 3, baada ya kusafiri theluthi moja ya mita.

Kikomo cha Doppler ni nini?

Kusukumwa kwa utaratibu kutoka mbele hupoza. Mateke ya utoaji, kwa kuwa hayana mwelekeo maalumu, huifanya atomi iyumbe kama mlevi, na kuyumba huko ni joto. Pale kasi ya kupoza inapolingana na kasi ya kuyumba, halijoto hugota. Kwa atomi yenye hali mbili tu, kiwango cha chini hupatikana mchepuko wa leza, yaani umbali wa masafa yake kutoka masafa kamili ya atomi, ukiwa nusu ya upana wa mstari wa ufyonzaji (Γ/2) upande wa nyekundu, yaani wa masafa ya chini, na mwanga ukiwa hafifu. Hapo kBT = ħΓ/2, ambapo T ni halijoto, kB ni namba ya Boltzmann na ħ ni namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π.

Kwa rubidiamu-87, yenye upana wa megahezi 6.07, kikomo ni mikrokelvini 146. Kwa sesiamu ni 125, na kwa sodiamu ni karibu 240. Strontiamu ina mistari miwili inayotumika: ule mpana wa nanomita 461 hugotea karibu milikelvini 0.7, na ule mwembamba wa nanomita 689, wenye upana wa kilohezi 7.5 tu, una kikomo cha nanokelvini 180, chini hata ya kipimo cha teke moja. Ndiyo sababu strontiamu itarudi tena huko mbele.

Mbona watu hupata halijoto ya chini kuliko hiyo?

Kwa sababu atomi halisi zina hali nyingi za chini, si moja. Mwaka 1988 kundi la William Phillips lilipima sodiamu likakuta mikrokelvini 43, wakati nadharia ilisema 240. Maelezo yalitoka kwa Jean Dalibard na Claude Cohen-Tannoudji, na kwa kundi la Steven Chu: mwanga wenye mchanganyiko wa polaraizesheni (mielekeo ya mtetemo wa mwanga) hutengeneza vilima na mabonde ya nishati, na atomi hupanda kilima, huhamishwa hadi bondeni na mwanga, kisha hupanda tena, kila mara ikipoteza mwendo. Chu, Cohen-Tannoudji na Phillips walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1997.

Hata hivyo njia hii nayo hutoa fotoni, kwa hiyo hugota kwenye mateke kadhaa. Sesiamu imefikishwa karibu mikrokelvini 2.5, rubidiamu, katika maabara ya kawaida iliyotunzwa vizuri, hufika 10 au chini kidogo. Hayo yote ni kwa wingu jembamba. Likinenepa, sura hubadilika.

Kufyonzwa tena hutokea mara ngapi?

Hili linahesabika, na kila mwenye mtego wa atomi angelifanyia hesabu kabla ya kununua leza kubwa zaidi. Atomi ya rubidiamu inayoangaziwa kwa masafa yake kamili huwa na eneo la shabaha la 3λ²/2π, yaani sentimita za mraba 2.9 × 10⁻⁹. Chukua wingu la upana wa milimita 1 lenye atomi 10¹¹ kwa sentimita moja ya ujazo. Huo ni mtego wa kawaida tu, wenye atomi kama milioni 50. Zidisha eneo la shabaha, msongamano na upana: unapata 29. Namba hiyo ni kina cha ufyonzaji. Ikiwa 1, mwanga unaopita hubaki asilimia 37. Ikiwa 29, hakuna kinachopita.

Leza ya kupozea haiko kwenye masafa kamili. Ikichepuka Γ 2.5, eneo la shabaha hugawanywa kwa 1 + 4 × 2.5², yaani 26, na kina hushuka hadi 1.1. Bado ni kikubwa: fotoni inayozaliwa katikati ya wingu ina nafasi nzuri ya kugonga atomi nyingine kabla ya kufika ukingoni.

Jambo hili si geni kwenye maisha ya kila siku. Ndani ya mrija wa taa ya zebaki, mwanga wa nanomita 254 hutolewa na kufyonzwa mara nyingi na atomi za zebaki kabla haujafika kwenye unga mweupe wa ukuta. Theodore Holstein aliandika nadharia ya kufungwa huko kwa mwanga mwaka 1947. Kwenye taa ni kuchelewa tu. Kwenye wingu baridi kila kituo ni teke.

Fotoni iliyofyonzwa tena hufanya madhara gani hasa?

Mawili: hupasha, na husukumana. La kupasha ni rahisi kuliona. Kila kufyonzwa na kutolewa kwa nyongeza huongeza mateke mawili yasiyo na mpango, na mwanga uliozagaa hauna polaraizesheni nzuri iliyopangwa kwenye miale ya leza, kwa hiyo huvuruga vile vilima na mabonde. Ndiyo maana halijoto ya wingu nene hupanda kadiri idadi ya atomi inavyopanda.

La kusukumana linahitaji subira kidogo. Fikiria atomi iliyo ukingo wa kulia wa wingu. Mwale unaotoka kulia huifikia ukiwa mzima. Mwale unaotoka kushoto umeshapita wingu zima, umeliwa njiani, umefika dhaifu. Atomi hiyo basi husukumwa ndani, na wingu hubanwa na kivuli chake lenyewe. Sasa hesabu fotoni zile zilizoliwa: hazikupotea, zimetolewa tena kila upande, na nyingi hutoka katikati kwenda nje. Zinapoigonga atomi yetu ya ukingoni huisukuma nje. Atomi mbili zinazopigana mwanga hivi husukumana kwa nguvu inayopungua kwa mraba wa umbali, kama chaji mbili za umeme zenye alama moja.

Kama fotoni iliyotolewa ingefyonzwa kwa urahisi uleule wa fotoni ya leza, kivuli na msukumo vingelingana kabisa na wingu lisingehisi kitu. Tatizo ni kwamba fotoni iliyotolewa hufyonzwa kwa urahisi zaidi.

Kwa nini ifyonzwe kwa urahisi zaidi?

Kwa sababu masafa yake yamebadilika. Mwanga ukiwa hafifu, atomi hutoa fotoni za masafa yaleyale ya leza. Ukiwa mkali, sehemu ya mwanga unaotoka hugawanyika katika vilele vitatu: kimoja kwenye masafa ya leza na viwili pembeni yake. Leza ikiwa imechepuka kuelekea nyekundu, kilele kimoja cha pembeni huangukia karibu kabisa na masafa ambayo atomi hupenda, na hapo eneo la shabaha ni kubwa.

Tuseme una miale 6, kila mmoja ukiwa na ukali mara 4 ya ukali wa ushibaji (ukali ambao atomi huanza kushindwa kufyonza zaidi), na mchepuko wa Γ 2.5. Jumla ni 24; ukigawa kwa 26 unapata kiwango cha ushibaji 0.92, na sehemu ya mwanga uliobadilika masafa ni karibu nusu. Sasa punguza kila mwale hadi nusu ya ukali wa ushibaji na upeleke mchepuko Γ 6. Jumla ni 3, unagawa kwa 145, unapata 0.02. Mwanga uliobadilika ni asilimia 2 tu. Sehemu kubwa ya tiba inayofuata hapa chini inatoka kwenye mgawanyo huo.

Wingu huishia msongamano gani?

Kwa mtego wa kawaida wa sumaku na mwanga, ule ambao maabarani huitwa MOT, ni kati ya atomi 10¹⁰ na 10¹¹ kwa sentimita moja ya ujazo. Baada ya hapo atomi mpya hazilisongi wingu tena, hulikuza tu. Thad Walker, David Sesko na Carl Wieman walilieleza jambo hili mwaka 1990 huko JILA, taasisi ya utafiti ya Boulder, Colorado, na waliona pia kwamba miale ikipishana kidogo wingu linaweza kuanza kuzunguka kama pete. Kanuni yao kwa ufupi: msongamano wa juu ni sawa na nguvu ya mtego inayorudisha atomi katikati, ikigawanywa kwa ukali wa mwanga, kwa eneo la shabaha la leza, na kwa tofauti kati ya eneo la fotoni iliyotolewa na lile la fotoni ya leza.

Nitajuaje kuwa mtego wangu umefika huko?

Badilisha muda wa kujaza peke yake: sekunde 0.2, 0.5, 1, 2, 5. Kila mara pima idadi ya atomi, upana wa wingu na halijoto. Dalili ni tatu. Idadi ikipanda mara 8 na upana ukawa mara 2, msongamano umegota. Umbo la wingu likiacha kuwa kilima na kuwa bapa juu, ni hilohilo. Na halijoto ikipanda pamoja na idadi huku leza hujazigusa, fotoni zinazunguka ndani.

Halijoto ipimwe kwa kuachia wingu lianguke. Zima mwanga na uga sumaku, subiri muda t, piga picha. Mraba wa upana ni mraba wa upana wa mwanzo ukijumlisha (kBT/m)t². Kwa mikrokelvini 10, rubidiamu hutanuka milimita 0.6 kwa milisekunde 20. Kwa mikrokelvini 146 hutanuka 2.4. Wakati huo wingu zima limeshaanguka milimita 2, kwa hiyo hakikisha dirisha la kamera linatosha.

Tahadhari: usihesabu atomi za wingu nene kwa mng'ao wake. Atomi za ndani ziko kivulini na mwanga wao hufyonzwa njiani, kwa hiyo utapata namba ndogo kuliko ukweli. Picha ya kivuli nayo huacha kuaminika kina kikishapita 3 hivi, kwa sababu mwanga kidogo wa masafa mengine ndani ya leza hupita bila kufyonzwa na kudanganya kamera. Chepusha leza ya picha kwa Γ 1.5 (hugawa kina kwa 10), au acha wingu litanuke kwanza.

Sawa, limegota. Nifanye nini?

Utaratibu ufuatao ni wa rubidiamu-87. Namba ni za kuanzia. Kila chumba kina tabia yake.

Jaza kwanza kwa mchepuko wa Γ 2.5 (megahezi 15) na mteremko wa uga wa sumaku wa gausi 10 hadi 15 kwa sentimita. Usijali msongamano hapa, unatafuta idadi. Baada ya hapo bana: kwa milisekunde 10 hadi 30, peleka mchepuko polepole hadi Γ 5 au 8, na wakati huohuo punguza leza ya kurudisha hadi asilimia 1 hivi ya nguvu yake. Leza hiyo ndiyo inayorudisha atomi zilizoangukia F = 1, moja ya hali mbili za chini za rubidiamu (nyingine ni F = 2), isiyoiona leza ya kupozea. Ukiipunguza, atomi nyingi hukaa F = 1, gizani, hazitoi wala kufyonza, na fotoni chache zilizobaki hupata njia ya kutoka. Unaweza kuongeza mteremko wa uga kidogo hatua hii. Ukiongeza sana halijoto hupanda.

Kisha zima uga, peleka mchepuko megahezi 60 hadi 100, shusha ukali wa mwanga taratibu kwa milisekunde 5 hadi 10. Hapa ndipo mikrokelvini 10 hupatikana. Uga uliobaki, pamoja na wa dunia, usawazishwe kwa koili tatu hadi ndani ya miligausi 10 hivi.

Kama unahitaji idadi na msongamano vyote kwa muda mrefu, jenga mtego wenye doa jeusi. Wolfgang Ketterle na wenzake huko MIT waliuonyesha mwaka 1993 kwa sodiamu, wakapata atomi zaidi ya 10¹⁰ kwa msongamano unaokaribia 10¹². Kifaa ni rahisi: kiduara cheusi kwenye kioo safi, chenye kipenyo cha milimita 10 hivi, huwekwa kwenye mwale wa kurudisha, na lenzi hupeleka kivuli chake katikati ya mtego. Atomi za pembeni hupozwa kama kawaida; zikifika katikati huangukia F = 1 na kutulia gizani. Kwa sodiamu zinaanguka zenyewe, kwa kuwa ngazi za hali ya juu zimekaribiana. Kwa rubidiamu ngazi za juu F′ = 2 na F′ = 3 zimeachana megahezi 267, hivyo ongeza mwale dhaifu wa F = 2 kwenda F′ = 2 katikati ili kuzisukuma gizani. Kikwazo kikubwa ni mwanga wa kurudisha unaoakisiwa na madirisha na kuta: hujaza doa lako nuru na faida yote hupotea. Safisha kingo za kiduara, na hakikisha kivuli kinaonekana kikali pale penye atomi, si sentimita 5 mbele yake.

Nimefuata hatua hizo, matokeo yamekuwa mabaya zaidi. Kosa liko wapi?

Mara nyingi ni moja kati ya haya. Ukipiga picha bila kuwasha tena leza ya kurudisha kwa nguvu kamili, atomi zilizo F = 1 hazionekani, nawe utadhani umezipoteza. Iwashe milisekunde 1 kabla ya picha, kisha hesabu upya. Hilo ndilo tunalolishuku kwanza.

Chumba cha chuma hubaki na mikondo ya umeme ukutani kwa milisekunde kadhaa baada ya koili kuzimwa, na uga wake huharibu hatua ya mwisho ya kupoza. Badilisha muda wa kusubiri uone halijoto inavyobadilika.

Modyuleta inayobadilisha masafa hubadilisha pia nguvu ya mwale na mwelekeo wake. Pima nguvu kwa fotodayodi kwenye kila mchepuko unaotumia, na upitishe mwale mara mbili kwenye modyuleta ili mwelekeo usihame. Na kama miale yako inarudishwa kwa vioo, mwale wa kurudi umeshaliwa na wingu, kwa hiyo wingu nene husukumwa upande mmoja. Lenzi ya kuukusanya kidogo mwale wa kurudi husaidia.

Kwa nini nisiongeze nguvu ya leza tu?

Rudi kwenye hesabu ya vilele vitatu. Ukali zaidi huongeza sehemu ya mwanga iliyobadilika masafa na huongeza fotoni zinazozunguka ndani. Nguvu kubwa inafaa wakati wa kujaza, pamoja na miale mipana. Baada ya hapo ni adui.

Lithiamu yangu haishuki chini ya kikomo cha Doppler kabisa. Ni kufyonzwa tena?

Sivyo kwanza. Lithiamu ina mistari miwili ya ufyonzaji iliyo karibu, D1 na D2. Kwenye mstari wa D2 ngazi za hali ya juu za lithiamu zimebanana kiasi kwamba njia ya vilima na mabonde haifanyi kazi vizuri. Tumia mwanga wa mstari wa D1, uliochepuka upande wa bluu, unaoacha atomi za polepole katika hali isiyoona mwanga. Lithiamu-6 hufika mikrokelvini 60 au chini yake. Na kwa kuwa atomi zilizopoa zimekaa gizani, njia hiyo huvumilia wingu nene vizuri kuliko njia za kawaida.

Kuna madhara mengine ya mwanga kwenye wingu nene?

Yapo. Atomi mbili zikikaribiana wakati moja ina fotoni, huvutana vikali. Mwanga mwekundu huzisukuma zigongane na kuruka nje ya mtego. Hasara hii hukua kwa mraba wa msongamano. Ukiona wingu linapungua haraka mwanzoni halafu polepole, hata ombwe likiwa safi, chunguza hili.

Kwa nini kondensati ya kwanza ilihitaji uvukizi?

Ili atomi ziwe kondensati ya Bose-Einstein, yaani gesi ambayo atomi nyingi zimeingia hali moja ileile ya chini kabisa, msongamano wa fezi, yaani idadi ya atomi ndani ya mchemraba wa urefu wa wimbi lao lenyewe, lazima ufike 2.612. MOT hukaa karibu na sehemu moja ya milioni ya hapo. Ukijaribu kubana kwa leza, fotoni hukurudisha. Mwaka 1995 Eric Cornell na Carl Wieman huko JILA, na Ketterle huko MIT, walizima mwanga kabisa, wakahamishia atomi kwenye mtego wa sumaku, na kuziacha zenye kasi zaidi zitoroke, kama uji unavyopoa kwa mvuke. Njia ilifanya kazi, kwa gharama ya atomi nyingi.

Je, leza peke yake haiwezi kufika?

Imefika, kwa kushughulikia fotoni moja kwa moja. Mwaka 2013 Simon Stellmer, Benjamin Pasquiou, Rudolf Grimm na Florian Schreck huko Innsbruck walipoza strontiamu kwa mstari mwembamba hadi chini ya mikrokelvini 1. Katikati ya wingu walipitisha mwale mwingine uliosogeza hali ya juu ya atomi mbali na masafa ya leza ya kupozea. Atomi za hapo zikawa angavu kama kioo: fotoni hupita bila kuzigusa. Joto lao lilitoka kwa kugongana na majirani wa pembeni waliokuwa wakipozwa. Walipata kondensati za atomi hadi 100,000, kila baada ya milisekunde 100 hivi. Mwaka 2022 kundi la Schreck, sasa Amsterdam, lilionyesha kondensati ya strontiamu isiyokatika.

Kwa rubidiamu, mwaka 2017 kundi la Vladan Vuletić huko MIT lilianza na atomi kama 2,000 kwenye mirija myembamba ya mwanga, likazipoza kwa leza hadi kuwa kondensati ndani ya milisekunde 300 hivi, huku zaidi ya nusu ya atomi zikibaki. Wingu jembamba kama uzi huipa fotoni njia fupi ya kutokea pembeni, na masafa ya mwanga yalichaguliwa mbali na mstari ili atomi mbili zisigongane kwa msaada wake.

Nimesoma kuhusu hali iitwayo «festina lente». Ni nini?

Ni Kilatini, maana yake harakisha polepole. Kwetu haraka haraka haina baraka. Ignacio Cirac, Maciej Lewenstein na Yvan Castin walionyesha miaka ya 1990 kwamba ikiwa kila atomi hutoa fotoni kwa kasi iliyo chini sana ya kasi ambayo mtego unaitikisa, kufyonzwa tena kunakobadilisha nishati ya atomi huzuiwa kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ngazi za mtego hutofautishwa waziwazi na nishati hailingani. Mtego unaotikisa atomi mara 1,000 kwa sekunde unataka fotoni chache mno, mamia kwa sekunde au pungufu. Upozaji huchukua muda mrefu, kwa hiyo ombwe lako lazima liwe zuri kiasi cha atomi kuishi makumi ya sekunde.

Leza zangu zimezimwa, atomi ziko kwenye mtego wa giza, bado zinapata joto. Kwa nini?

Kagua mwanga unaovuja. Modyuleta iliyozimwa bado hupitisha kidogo. Mikrowati 1 tu kwa sentimita ya mraba, kwenye masafa kamili, huipa kila atomi iliyo F = 2 fotoni 11,000 hivi kwa sekunde, na wingu hupata joto la mikrokelvini 1 na zaidi kila milisekunde, kabla hujahesabu kufyonzwa tena. Weka kilango cha kufunga kwa chuma mbele ya kila mwale, ziba njia za nyuzi za mwanga, na funika meza kwa boksi jeusi. Jaribio la haraka: pima halijoto baada ya sekunde 1 gizani, kisha rudia ukiwa umeziba miale yote kwa karatasi nyeusi.

Saa za atomi hukwepaje tatizo hili?

Saa nyingi za chemchemi za sesiamu hazibani wingu. Hupoza atomi zikiwa zimetawanyika, bila uga wa sumaku, huzirusha juu kwa kuchepusha miale ya juu na ya chini, kisha huzima mwanga wote kabla ya kupima. Wingu jembamba huwapa mikrokelvini chache bila kubishana na fotoni, na hupunguza migongano ya atomi ambayo ingesogeza masafa ya saa.